Nilimlipa mtaalamu wa SEO, kumbe tatizo lilikuwa tiki moja

Kwanza mnielewe: mimi natengeneza cherehani, sishoni nguo. Tofauti hiyo nilidhani ni ya kuwaeleza wateja tu, kumbe ndiyo iliyokuja kunitesa kwenye Google. Nitafika huko.

Tovuti yangu ni ya matengenezo ya cherehani: kwa nini uzi unakatika, kwa nini mashine inaruka mishono, lini ubadilishe sindano, unasafishaje yale meno yanayosukuma kitambaa. Mambo ya kununua jina la tovuti na kuipandisha hewani siyaelezi, hayo kila mtu anayaweza. Nikaandika makala kama 30, kila moja kwa kujikamua, na picha nilizopiga mwenyewe. Miezi 8 ikapita. Wageni walikuwa mimi, mke wangu, na mimi tena kwa simu nyingine.

Kila niliyemuuliza alikuwa na dawa. Mmoja akaniambia niandike kila siku, eti Google inapenda tovuti inayochangamka. Mwingine akasema makala isipofika maneno 2,000 haihesabiwi. Wa tatu, ambaye nilimwamini zaidi kwa sababu alikuwa anavaa miwani, akasema nirudie neno kuu kila baada ya sentensi tatu. Nikarudia. Nikizisoma zile makala leo namsikia mtu mwenye kwikwi: "Cherehani yako ikiwa ni cherehani ya zamani, basi cherehani hiyo..."

Ndipo nikaangukia kwa mtaalamu wa SEO, ile kazi ya kuifanya tovuti ipande kwenye matokeo ya Google. Alinihakikishia ukurasa wa kwanza ndani ya mwezi mmoja. Google wenyewe wameandika kwenye mwongozo wao kwamba hakuna anayeweza kukuhakikishia namba moja, lakini mwongozo huo mimi niliusoma baada ya kulipa. Kiasi alichochukua sikitaji. Kingelipia hosti yangu, pale tovuti inapohifadhiwa, miaka kadhaa, tuishie hapo.

Kila wiki alinitumia ripoti yenye grafu inayopanda kama ngazi. Wageni 300, wageni 700. Nikawa najiuliza, hawa watu 700 mbona hakuna hata mmoja anayeniuliza swali? Nilipomuuliza alinijibu, "Bosi, SEO ni safari." Baadaye niligundua kwamba karibu wote walikuwa wanafungua ukurasa mmoja na kuondoka kabla sekunde moja haijaisha. Hakuna binadamu anayesoma hivyo. Zilikuwa roboti.

Siku nilipoamka ilikuwa hivi. Mwenzangu mmoja wa kazi nilimtumia makala ya sindano ili ainakili kwenye simu yake aisome akiwa kazini bila intaneti. Akanipigia anacheka hadi anakohoa. "Ndugu yangu, hii ya mwisho ni nini?" Alipoinakili makala yote na kuibandika kwenye faili lake, chini ya aya ya mwisho kulitokea lundo la maneno: fundi cherehani, cherehani bora, fundi cherehani karibu nami, cherehani nzuri, fundi cherehani, yakijirudia kiasi cha nusu ukurasa. Nikafungua tovuti, sioni kitu. Nikaburuta kidole chini, peupe. Nikabonyeza na kuchagua maandishi yote, na pale kwenye weupe yakawaka mistari kwa mistari. Mtaalamu alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe juu ya nyeupe. Ujanja huo ulikuwa unafanya kazi enzi za injini za kwanza za utafutaji. Siku hizi umo kabisa kwenye orodha ya Google ya mambo yanayoweza kukufanya ushushwe au uondolewe.

Nikaanza kupekua kila alichogusa. Alikuwa amenunua mamia ya viungo kwenye tovuti nyingine vinavyoelekeza kwangu. Alikuwa amejaza ile lebo ya maneno muhimu inayokaa ndani ya msimbo wa ukurasa, yale maandishi ya kompyuta yaliyo nyuma yake. Google walitangaza mwaka 2009, mwezi Septemba, kwamba hawaiangalii wanapopanga matokeo. Yaani nililipia kitu kilichokufa zamani hizo.

Lakini hata hayo yote hayakueleza kwa nini siko popote. Mtu mwenye makosa anakaa ukurasa wa 9, hata wa 20. Mimi sikuwepo kabisa. Usiku huo nikaenda Google nikaandika site: na kuiambatanisha na jina la tovuti yangu bila nafasi katikati. Amri hiyo inakuonyesha kurasa za tovuti yako ambazo Google inazo. Jibu: hakuna matokeo. Makala 30, ripoti za grafu, viungo vya kununua, na Google haina hata ukurasa mmoja!

Nikafungua msimbo wa ukurasa wangu wa mbele. Sijui kuusoma, ila kutafuta neno najua. Mstari wa kumi na kitu hivi, kimeandikwa kidogo tu: noindex. Maana yake, "usiniorodheshe."

Moyo ukapiga. Nani kaweka? Nilikuwa tayari nimeshaanza kumwandikia mtaalamu ujumbe wa matusi. Kabla sijautuma nikaingia kwenye mipangilio ya WordPress, programu niliyojengea tovuti, sehemu ya usomaji, na pale kuna kisanduku cha kuziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Kina tiki. Nikaitazama ile tiki, ikanitazama. Ni mimi. Wakati naijenga, kurasa zikiwa nusunusu, niliona aibu watu wasije wakaikuta hivyo, nikajifungia mlango na kwenda kusahau ufunguo. Zaidi ya miezi 8 nimekaa ndani nawaalika watu na kulalamika hawabishi hodi.

Ujumbe wa matusi niliufuta. Ila jambo moja bado linanikera: mtu aliyelipwa kuifikisha tovuti Google hakuwahi hata mara moja kuangalia kama Google inaruhusiwa kuingia. Hiyo ni sawa na fundi kubadilisha mota ya mashine ambayo haijachomekwa kwenye umeme.

Nikatoa tiki. Nikajisajili Google Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, ni bure, nikaipa ramani ya tovuti ili ijue kurasa ziko wapi, na makala nne nilizozipenda nikaziombea ukaguzi moja moja. Siku chache baadaye zikaanza kuonekana. (Kama unataka ukurasa utoke Google, usiweke noindex na papo hapo kuuzuia kwenye robots.txt, faili linaloziambia roboti za utafutaji zisiingie wapi. Ukiuzuia, roboti haiingii, na isipoingia haitaliona lile noindex. Hilo nalo nilijifunza kwa kuhangaika na ukurasa mmoja wa majaribio uliogoma kuondoka.)

Sasa ndiyo tunarudi kwenye kushona. Search Console inakuonyesha watu waliandika nini tovuti yako ilipotokea, mara ngapi ilitokea, na wangapi walibofya. Nikaona neno la kwanza kwa mbali: "fundi cherehani". Nikafurahi kama mtoto. Mtaalamu alikuwa sahihi basi! Nikatazama wabofyaji: wachache mno, na wenyewe wanaingia na kutoka. Ikanichukua siku mbili kuelewa kitu ambacho ningepaswa kukijua tangu naanza kazi. Ukisema fundi cherehani, Mswahili anaelewa anayeshona. Watu hao walikuwa wanatafuta wa kuwakatia gauni na kuwapunguzia suruali, wanakuja kukuta mtu anaeleza kuhusu mafuta ya mashine. Wangekaa wafanye nini?

Nikaachana na hilo neno moja kwa moja, na hapa ndipo ninapojivunia. Niliishuka ile orodha hadi chini kabisa, kwenye maneno yenye watu wachache, na chini huko ndiko walikokuwa wateja wangu wote. "Cherehani inakusanya uzi chini." "Mashine inaruka ruka." "Uzi unakatika kila nikianza." Tena makala za majibu nilikuwa nazo! Tatizo ni majina niliyozipa. Ya uzi kujikusanya chini nilikuwa nimeiita "Kanuni za Mkazo wa Uzi wa Juu na wa Chini". Nilitaka nionekane msomi. Sasa mtu ambaye kitambaa chake kina kiota cha nyuzi kwa chini anajuaje kwamba tatizo lake linaitwa mkazo? Angekuwa anajua hilo asingenitafuta.

Nikaibadilisha: "Cherehani inakusanya uzi chini? Anza na uzi wa juu." Na aya ya kwanza nikaiweka jibu lenyewe: nyanyua mguu wa mashine kabla ya kutunga uzi, kwa sababu mguu ukiwa chini visahani vya mkazo vinakuwa vimebanana na uzi hauingii katikati yake. Zamani jibu hilo lilikuwa aya ya sita, baada ya historia ya cherehani ambayo hakuna aliyeniomba. Yale maelezo mafupi yanayotokea chini ya kichwa kwenye matokeo nayo nikayaandika upya. Hayakupandishi daraja, ila ndiyo yanayomshawishi mtu abofye, ingawa Google mara nyingine inayatupa na kuchukua sentensi yake inayoitaka.

Ndani ya wiki chache makala hiyo ikawa inaingiza wageni kuliko tovuti nzima ilivyowahi. Nikalewa sifa.

Mlevi huwa hana simile. Nikasema, kama kichwa kipya kimefanya hivi, na anwani je? Usiku mmoja nikabadilisha anwani za kurasa zote 30, kila anwani ikafuata kichwa chake kipya, safi, ya kupendeza. Nikalala usingizi mnono. Siku zilizofuata wageni wakapungua, wakapungua, hadi ikabaki kama enzi za mimi na mke wangu. Search Console imejaa nyekundu: 404, 404, 404. Google ilikuwa inawaleta watu kwenye anwani za zamani, na anwani za zamani hazipo tena. Nilikuwa nimehama nyumba bila kumwachia jirani neno.

Ilibidi nikae jioni nzima nikiiunganisha kila anwani ya zamani na mpya yake kwa elekezo la kudumu, lile la 301. Kuna programu jalizi ya bure inayofanya hivyo, unaandika ilikotoka na inakokwenda, basi. Ilichukua zaidi ya mwezi kurudi nilipokuwa. Tangu hapo kichwa cha makala nakibadilisha nikipenda, anwani siigusi hata ikiwa na herufi iliyokosewa. Moja imeandikwa "sindamo" hadi leo. Iacheni.

Picha zilikuwa aibu nyingine. Nilikuwa napandisha kama zilivyotoka kwenye simu, megabaiti nne hadi tano kila moja, na makala ina picha nane. Kipimo cha Google kinataka kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini kiwe kimetokea ndani ya sekunde 2.5. Ukurasa wangu ulikuwa unachukua muda wa kutosha kubadilisha sindano. Nikazipunguza ukubwa, nikazigeuza WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, nikaandika na maelezo ya picha kwa ajili ya wasioona. Na ukikagua, kagua kwa simu, maana Google inaisoma tovuti yako kama inavyoonekana kwenye simu, si kwenye kompyuta yako kubwa.

Vile viungo vya kununua viliniogopesha kwa muda. Nilitaka kuvikana kwa ile zana ya Google ya kukana viungo, kisha nikasoma kwamba tovuti nyingi hazihitaji, kwa kuwa Google yenyewe inajua kuvipuuza. Nikaviacha. Na angalieni mambo: mwalimu mmoja wa ushonaji, ambaye simfahamu, aliweka kiungo cha jedwali langu la sindano kwenye ukurasa wa masomo yake. Kimoja tu. Sikumwomba, sikumlipa. Jedwali hilo likapanda kuliko mamia yale yote yalivyowahi kunisogeza. Larry Page na Sergey Brin walianza Google kwa wazo kwamba kiungo ni kama mtu anavyokupendekeza kwa mwenzake, na kikitoka kwa mwenye kuheshimika kina uzito zaidi. Mamia yangu yalikuwa yametoka kwenye kurasa zisizosomwa na yeyote.

Juzi mtaalamu amenitumia ujumbe. Ameona niko ukurasa wa kwanza kwa maneno kadhaa, ananipongeza, na anaomba aniweke kwenye orodha ya wateja aliowafanikisha. "Nilikuambia bosi, ni safari." Sijamjibu. Nimekuwa nikiitazama Search Console, kuna watu wanaandika "cherehani inalia kama imemeza kokoto", na makala yangu ya jambo hilo bado inaitwa "Umuhimu wa Ulainishaji".