Msumeno uliponipiga teke, nilianza kujifunza upya

Nilikuwa na mwezi mmoja hivi na msumeno wa mnyororo uliponipiga teke. Nilikuwa napunguza matawi ya mti uliokwisha kuangushwa, na sikuona kwamba nyuma ya tawi nililokuwa nalikata kulikuwa na jingine. Ncha ya bapa, lile chuma refu ambalo mnyororo unalizunguka, ikaligusa. Kufumba na kufumbua mashine ikaruka juu ikinielekea usoni. Kinga ya mbele ikagonga mkono wangu wa kushoto, breki ikashika, mnyororo ukasimama. Nikabaki nimeshika mashine inayonguruma huku magoti yakinitetemeka.

Mpaka siku ile nilikuwa naogopa mambo mengine: kelele, petroli kushika moto, mnyororo kukatika. Ncha sikuwa nimeifikiria hata mara moja. Mzee niliyekuwa nikifanya naye kazi hakunigombeza. Alizima mashine, akachukua chaki, akapaka robo ya juu ya ncha. "Mwanangu," akasema, "hapa pasiguse kitu ambacho hukukusudia kukigusa."

Kisha akanieleza sababu. Meno yanapopinda kwenye robo ile yanauma mti kwa pupa. Yakikwama, nguvu yote iliyokuwa inavuta mnyororo inageuka kulirusha bapa juu na nyuma, kwa mshikaji. Mnyororo wenyewe unakimbia kama mita 20 kwa sekunde, kwa hiyo usitegemee wepesi wa kukwepa. Kinga yako ni namna ulivyoshika na mahali uliposimama kabla teke halijaja.

Kwa wiki mbili sikukata kitu chochote ila magogo yaliyolala chini. Kosa langu la kwanza lilikuwa kidole gumba cha kushoto: nilikuwa nakilaza juu ya mshikio badala ya kuuzungushia. Msumeno ukiruka, mkono wa namna hiyo unateleza. Nikajizoeza kuzungusha kidole, kunyoosha mkono wa kushoto, na kusimama pembeni kidogo ili bapa likiruka lipite kando ya kichwa na shingo. Juu ya mabega sikati tena, hata kama tawi ni jembamba. Kuwasha nako nilikubadilisha. Zamani nilikuwa naning'iniza mashine kwa mkono mmoja na kuvuta kamba kwa mwingine. Sasa naiweka chini, breki imefungwa, ncha ya buti ndani ya mshikio wa nyuma, ndipo navuta.

Mavazi sitayasemea sana. Kofia yenye wavu wa uso, vizibo vya masikio kwa sababu mashine hii hupita desibeli 100, buti ngumu, na suruali maalumu yenye nyuzi ndefu ndani. Mnyororo ukiigusa, nyuzi zinachomoka, zinajisokota kwenye gurudumu la meno na kuusimamisha. Suruali hii ndiyo kitu cha kwanza ambacho ningemwambia mtu anunue, hata kabla ya msumeno wenyewe.

Jambo ambalo sikulitegemea kabisa ni kunoa. Nilidhani mnyororo butu unapoteza muda tu. Kumbe mnyororo butu unakulazimisha kusukuma, na anayesukuma amekwisha kupoteza mizani yake. Siku hizi natazama kinachotoka: vikiwa vipande vinene, naendelea, ikianza kutoka unga mwembamba, nazima na kuchukua tupa ya duara. Kila jino nalipa idadi ileile ya mipigo, kutoka ndani kwenda nje, la sivyo msumeno unakata upande. Mbele ya kila jino kuna kinundu kinachopima jino liume kwa kina gani. Wengi hukichonga sana ili msumeno ukate haraka. Mimi pia nilijaribu, na mzee akautupa mnyororo ule. Kinundu kikiwa chini mno, jino linauma kupita kiasi, na teke linakuwa kali zaidi.

Baada ya hapo ndipo aliponiruhusu kuangusha mti, mnyoofu, wenye kipenyo cha sentimita 30. Tulihakikisha hakuna mtu ndani ya umbali wa urefu wa miti miwili. Nilifyeka njia mbili za kukimbilia, nyuma kwa mshazari, kila upande moja. Nikakata pengo upande wa kuangukia, kina chake robo ya shina, kisha nikaja kwa nyuma, juu kidogo ya kona ya pengo. Katikati nikabakisha utepe wa mti usiokatwa, kama sentimita 3. Huo ndio bawaba: unaushika mti unapoinama na kuuongoza. Ukiukata wote, mti unakwenda unakotaka wenyewe.

Nilisukuma kabari, mti ukalia, nikafunga breki na kurudi nyuma kwa njia yangu bila kuupa mgongo. Ulianguka kushoto kidogo ya pale nilipokusudia. Mzee akainama kwenye kisiki na rula yake: bawaba ilikuwa sentimita 4 upande wa kushoto, 2 upande wa kulia. Upande mnene uliuvuta. Akanipa rula nipime mwenyewe, kisha akanionyesha mti wa pili.