Nikimvunja mbavu je?

Mimi ni muuguzi, lakini kazi ninayoipenda kuliko zote haifanyiki wodini. Ni kufundisha wanafunzi wa shule kumkandamiza kifua mtu ambaye moyo wake umesimama.

Mwanzoni wanacheka tu. Mwanasesere amelala chali sakafuni, mdomo wazi, nani asicheke? Nawaacha. Kisha napiga magoti, naweka kiganja juu ya kiganja katikati ya kifua, nanyoosha viwiko, naanza: mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kishuke sentimita 5 au 6, halafu kiachwe kiinuke kabisa. Hapo kwenye kuachia ndipo wengi wanapokwama. Wanaendelea kuegemea, na moyo haupati nafasi ya kujaa damu tena.

"Mwalimu, nikimvunja mbavu je?" Swali hilo halikosekani. Nawajibu kwamba mbavu huunga; ubongo ukikosa oksijeni kwa dakika chache tu unaanza kufa.

Wapo wazazi wanaosema huo ni mzigo kwa mtoto. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Norwei walianza kufundisha haya shuleni mwaka 1961, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliunga mkono saa mbili za mafunzo haya kwa mwaka kuanzia umri wa miaka 12. Saa mbili tu, jamani! Ni kweli mwenye umbo dogo huenda asifikishe kina kinachotakiwa, ila anajua kupiga simu ya dharura, na anaweza kumwonyesha mtu mzima aliyeduwaa pa kuweka mikono.