Mjomba na ile sensa ya 2002

Juzi kijana wangu karudi na homuweki, wameambiwa waandike kijiji wanachotoka wazazi na kina watu wangapi. Kachukua simu yangu kaandika jina, ramani ikampeleka Handeni mjini, halafu ikampeleka Kwamsisi ambako sisi hatuna hata shemeji, halafu ikachoka. Akaniangalia kama vile nimemdanganya miaka yote. "Baba, sasa kwenu ni wapi?" Nikamwekea kidole hapo patupu, kati ya barabara ya vumbi na lambo. "Mbona hamna kitu?" Nikamwambia ndo kwenu hivyo hivyo. Ila hilo la watu wangapi likanikaa.

Niseme ukweli, kwetu sio kijiji. Ni kitongoji, tena kile cha mwisho kabisa, nyumba kumi na moja na humo mbili zimeshaanguka. Shule, zahanati, ofisi yenye bendera, vyote viko kijijini, saa nzima na nusu kwa miguu. Mwaka 1974 wakati wa Operesheni Vijiji watu wote wa pale walihamishwa wakapangwa kule barabarani nyumba kwa mstari, bibi ana mimba ya mjomba. Miaka ikapita, wakaanza kurudi mmoja mmoja, mtu anaaga anaenda shamba kulinda nguruwe wasimalize mahindi, anajenga kibanda, kibanda kinapata mlango, mlango unapata mke, na hakuna aliyewahi kutamka kwamba amehama. Yani kitongoji chetu kilizaliwa kwa kisingizio cha nguruwe. Nasikia sasa hivi nchi nzima vitongoji ni zaidi ya 64,000, kwa hiyo hatuko peke yetu.

Basi, sensa ya 2002. Mi nina miaka kumi na moja, na karani aliyeletwa upande wetu ni mwalimu wangu wa darasa la nne, mtu ambaye ukimuona njiani unaingia porini. Alifika siku ya Alhamisi jua limeshakuwa kali, baiskeli anaisukuma kwa sababu ya mchanga, suruali imejaa vishonanguo mpaka magotini. Bibi yuko kwenye jamvi anapukuchua mahindi, wala hakuinuka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, karibu, maji ya kunywa yapo kidogo."

Mwalimu akakalia kinu kilicholazwa, akafungua dodoso mapajani, akauliza nani na nani walilala hapa usiku wa kuamkia Jumapili. Bibi akataja. Yeye mwenyewe, mama, mimi, mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo aliyekuja likizo akanogewa. Penseli inakwenda. Halafu akamtaja mjomba.

Penseli ikasimama.

Mjomba aliondoka 1996 kwenda Mererani kutafuta tanzanite. Mwaka 1998 zile mvua za El Nino zikajaza maji kwenye machimbo, wachimbaji wengi wakafia chini, sisi tulisikia kwenye redio ya jirani, na tangu hapo sio barua, sio salamu, sio mtu wa kusema nilimuona. Msiba haukuwekwa. Bibi alikataa, akasema haweki matanga ya mtu asiye na kaburi.

Na mwalimu haya yote alikuwa anayajua.

"Bibi, tunaandika aliyelala hapa tu."

"Amelala hapa. Kitanda chake si kile."

Mlango ulikuwa wazi. Kitanda cha kamba, shuka la mistari ya kijani limekunjwa kichwani, maana kila Jumamosi alikuwa analianika na jioni analirudisha. Mwalimu akakitazama, akashusha macho.

"Aliyelala kwingine anahesabiwa huko huko alikolala, ndo utaratibu."

Bibi akaacha kupukuchua. Gunzi limebaki mkononi, nusu lina punje, nusu halina. Akauliza taratibu tu, kama mtu anayeulizia bei ya chumvi, "Sasa mwanangu, huko alikolala, wameshafika kumhesabu?"

Kuku akaja anadonoa punje pale pale kwenye kiatu cha mwalimu na hakuna aliyemfukuza. Mwalimu akaushika ufutio, ulikuwa umefungwa na uzi kwenye penseli, akawa anauzungusha, anauzungusha. Kisha akanigeukia mimi.

"We. Mjomba wako yupo?"

Nikasema yupo.

Hakunikaripia. Akamuuliza bibi miaka, sauti imeshuka, bibi akasema alizaliwa mwaka wa kuhamishwa. Mwalimu akahesabu kwa midomo. "Ishirini na nane." Penseli ikasogea. Lakini mi nilikuwa nimekaa upande wa mkono wake, niliuona mkono tu, karatasi sikuiona, na mkono unaweza kusogea hata bila kuandika.

Bibi alimfungia mahindi kwenye keria akaondoka. Bibi naye alifariki 2009, mama nikamleta Dar. Majibu ya sensa yalipotoka wakasema tuko milioni 34 na ushee, na mpaka leo sijui kama mjomba yumo kwenye huo ushee. Mwaka 2022 karani kaja hapa Mbagala na kishikwambi, binti mdogo ana haraka zake, akauliza kuna mwingine? Mama akaniangalia. Mi nikakiangalia kile kishikwambi. Nikasema hamna mwingine, na mama siku ile hakula mchana, alisema tumbo.

Kijana bado ananisubiri na peni yake. Nikamwambia andika hamsini.

"Hamsini kamili?"

"Hamsini na moja."