Nilivyopata kikao cha kuacha pombe Dar

Dar ukitaka pombe huulizi mtu. Grosari ipo kona, baa ipo mtaa wa pili, na gongo unaipata hata alfajiri ukijua mlango wa kugonga. Viroba vya plastiki vilipigwa marufuku Machi 2017, lakini kinywaji chenyewe hakikwenda popote. Ila ukitaka kukaa na watu wanaoacha, hakuna kibao barabarani. Naandika kwa ajili ya mwenzangu anayetafuta sasa hivi.

Nyumbani waliniambia nikaombewe. Niliombewa, na maombi siyadharau. Lakini pale hapakuwa na mtu aliyewahi kuamka mikono ikitetemeka, akitafuta cha kuzimulia. Nilitaka mtu nisiyehitaji kumweleza.

Aliyenionyesha njia ni muuguzi, mama wa makamo, kwenye kliniki ya afya ya akili. Najua jina hilo linatisha watu. Lisikutishe. Muhimbili wana idara nzima ya magonjwa ya akili, na Mwananyamala na Temeke wana kliniki zinazohudumia waraibu. Kabla hata sijamaliza kuuliza habari za kikao, yeye aliniuliza: asubuhi usipokunywa, unatetemeka? Unatoka jasho? Nikasema ndiyo, mama. Akaweka kalamu chini.

“Basi usiache ghafla peke yako chumbani, mwanangu.”

Akanieleza jambo ambalo kila familia yenye mnywaji ingepaswa kulijua. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla unaweza kupata degedege, mara nyingi ndani ya siku mbili za mwanzo. Baadaye kidogo wengine huchanganyikiwa, huona vitu visivyokuwepo, na mtu anaweza kufa. Kwa hiyo unaanza na dawa za kutuliza zinazopunguzwa taratibu chini ya uangalizi, pamoja na vitamini B1, ambayo pombe huimaliza mwilini. Kikao kinakuja juu ya hayo, hakichukui nafasi yake. Ndipo akanipa namba ya mtu.

Kikao hicho kilikuwa cha Alcoholics Anonymous, kwa Kiingereza, upande wa Msasani. Umoja huo ulianzia Akron, Marekani, mwaka 1935, pale dalali wa hisa na daktari wa upasuaji, wote walevi, walipoona kwamba kuzungumza wao kwa wao kunawasaidia wasinywe. Hadi leo sharti ni moja: uwe unataka kuacha. Hakuna kiingilio wala fomu, na unataja jina lako la kwanza tu. Kikapu kinapita, mwenye chochote anaweka, asiye nacho anampitishia jirani.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba hakuna anayekujibu. Sisi ukitaja tatizo lako, kila mtu ana ushauri: oa, hama mtaa, badili marafiki. Pale mtu anasema yake, anashukuriwa, anafuata mwingine. Mzee mmoja alisimulia alivyokuwa akificha chupa ndani ya tangi la choo. Nami nilikuwa nikificha palepale. Sikusema neno siku hiyo, na hakuna aliyenilazimisha.

Saa ya kikao ina uzito kuliko mahali. Saa kumi na mbili jioni ndiyo saa miguu inapokwenda grosari yenyewe, kwa hiyo nilitaka saa hiyo hasa niwe nimekaa na watu. Kutoka Kimara napanda basi la mwendokasi hadi kituo cha Morocco, kisha bajaji. Nauchagua mwendokasi makusudi: vituo vyake viko katikati ya barabara, si mlangoni pa baa.

Lugha ilinibana. Kiingereza changu cha ofisini kinatosha kwa barua pepe, lakini aibu ya ndani inataka lugha ya nyumbani. Nikauliza tena, safari hii mlemle kikaoni, nikaelekezwa soba hausi moja, yaani nyumba wanakoishi watu wanaoacha ulevi, inayokaribisha watu wa nje Jumamosi. Wengi wa pale wametoka kwenye unga, yaani heroini, si pombe. Haikunisumbua hata kidogo. Wanafuata hatua kumi na mbili za kuacha, zilezile za Alcoholics Anonymous, wanazungumza Kiswahili cha mtaani, na mtu akitaja arosto, yale mateso ya mwili ukikosa kilevi, hakuna anayehitaji ufafanuzi.

Siku za mvua foleni ikishindikana, natumia bando. Mwaka 2020 vikao vingi duniani vilihamia kwenye video, na vingine vimebaki huko. Nairobi wana vikundi vingi na saa zao ni zetu. Kikao cha London cha saa moja jioni wakati wa baridi kwao, kwetu ni saa nne usiku. Dada mmoja ninayemfahamu alianzia huko, kwa sababu soba hausi niliyokwenda ilijaa wanaume na hakujisikia salama. Namwelewa kabisa. Na mke wangu amepata kundi lake la Al-Anon hukohuko mtandaoni, la ndugu wa wanywaji, ambako hazungumzwi mume bali yeye mwenyewe.

Ukienda kliniki, usiulizie dawa tu, maana utapewa dawa na tarehe ya kurudi. Uliza: “Mnamfahamu nani aliyeacha pombe, na anakutana na wenzake wapi?” Ukipewa namba, piga siku hiyohiyo kabla jioni haijaingia, na umwombe akusubiri nje ili muingie pamoja. Mimi yule mtu alinifuata hadi kituo cha Morocco, na nauli ya bajaji alilipa yeye.