Siku yangu moja na meza ya dagaa, soko la Ujiji

Saa kumi na moja alfajiri simu inaita. Shemeji yangu wa Katonga: "Shemeji, amka, wa jana wamekauka!" Kwa msiotoka huku Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika: dagaa huvuliwa usiku wa giza, hufuata taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi sola. Mbalamwezi ikiwa kali taa haiwavuti, wavuvi wanalala nyumbani. Kwa hiyo siku kadhaa meza yangu ilikuwa na mawese matupu.

Saa moja nipo ufukweni Katonga, nachagua. Nataka wa kwenye kichanja, si wa kuanikwa mchangani. Nikachota juu ya gunia, nikatafuna. Safi. Nikalipa, bodaboda, haooo Ujiji.

Saa mbili na nusu nafungua. Kuna baridi, mawese yameganda, nayaweka juani. Ushuru, chai, muhogo wa kuchemsha.

Saa nne ndiyo saa yenyewe. Mama mmoja anachota dagaa watatu, anatafuna taratibu huku ananiangalia usoni.

"Hawa wana mchanga, mwanangu."

"Mama, wa kichanja hao!"

"Tafuna mwenyewe."

Nikatafuna. Kruu! Nikaingiza mkono chini ya gunia: aliyeniuzia kaweka wa kichanja juu, wa mchangani chini. Nimefanya biashara hii miaka tisa, nikaonja juu tu kama mgeni. Nikamwomba radhi, nikamwekea wa juu, nikampa na nyongeza. Mzee wa meza ya tumbaku akacheka mpaka akakohoa. Yeye husema ujanja wa soko hili ni mkubwa kuliko soko lenyewe: enzi za misafara watu walinunua samaki hapa kwa shanga ziitwazo sofi, na bila shaka hata shanga kuna waliopunja kuhesabu.

Saa saba joto, wateja hakuna. Wageni wawili wanauliza njia ya kwenda kwenye kumbukumbu ya Livingstone. Ninawaelekeza. Wakifika watashangaa ziwa liko mbali. Mwaka 1871, Stanley alipomkuta, maji yalikuwa karibu zaidi, yamerudi nyuma tangu hapo. Dagaa hawakununua.

Mchana wote nimechambua. Mteja wangu wa Dar es Salaam alitaka sado nne, nimemfungia mbili na kumweleza ukweli. Kanuna kidogo, halafu katuma hela. Mzigo umepanda basi.

Saa kumi na moja jioni mawese yanakimbia, chupa kwa chupa, watu wanawahi kuunga migebuka, samaki wa ziwa letu.

Saa mbili usiku nipo nyumbani. Wale wa mchangani nimewaosha maji matano, nimewaunga kwa mawese na nyanya, na ugali wa muhogo. Mwanangu wa mwisho katafuna, kasimama, kanitazama.

"Mama, hawa umewanunua au umewaokota?"

Baba yake kaangalia pembeni. Nami nikaendelea kula, kruu, kruu.