Tangi la lita 60: pH imegoma kushuka, orodha ya samaki imebadilika

Amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uchafu wa samaki, ni sifuri; nitrati, isiyo na sumu kali, inapanda taratibu. Yaani tangi limeiva, bakteria wa kuvunja uchafu huo wameshakaa, na kwa mpango wangu sasa hivi ningekuwa naandika habari za neoni wa kwanza, wale samaki wadogo wa rangi. Naandika habari za pH, kipimo cha asidi ya maji (chini ya 7 ni asidi), kwa sababu imegoma. 8.2 asubuhi, 8.2 jioni. Nikiishusha, inarudi.

Orodha ya awali: kundi la neoni katikati, koridora (samaki wa chini wenye sharubu) sita, na dume mmoja wa beta, samaki mpiganaji. Kwa tabia inakubalika. Neoni kwa kawaida hawadonoi mapezi marefu kama wafanyavyo barbusi wenye milia, na koridora hawana ugomvi na yeyote. Gapi niliwatoa mapema, kwani dume mwenye mkia mpana wa rangi, machoni pa beta, ni dume mwenzake aliyevamia eneo. Skalari, samaki mrefu wa mapezi marefu, naye alitoka: akishakua anameza neoni mzima. Wengi tunaoanza huishia hapo hapo, nani atamng'ata nani. Maji hayaulizwi.

Na maji ndiyo yaliyonikwamisha. Neoni asili yake ni bonde la Amazoni, kwenye maji laini yenye asidi kidogo na madini haba mno. Ya kwangu nimeyapima kwa matone. Kipimo cha KH, yaani kiasi cha bikaboneti kwenye maji, kinataka mililita 5 kwenye kichupa: tone la kwanza maji yanakuwa bluu, unatikisa, unaongeza tone, unatikisa, mpaka bluu igeuke njano. Kila tone ni digrii moja. Bluu yangu ilikaa tu. Kwenye tone la 12 ikaingia ukijani usioeleweka, la 13 ndiyo ikakubali kuwa njano. GH, yaani ugumu wa jumla wa maji (kalsiamu na magnesiamu), ikasoma 17. Haya ni maji magumu, hakuna cha kubishana.

(Hapa niseme neno kuhusu vifaa. Zile karatasi za kuchovya zina haraka, lakini rangi zake zinasogeleana kiasi kwamba KH 8 na KH 13 unaweza kuziona sawa. Kama una uwezo wa kununua kipimo kimoja tu zaidi ya amonia na nitriti, nunua KH ya matone.)

Nilianza na njia za upole: gogo na majani makavu ya mkungu. Maji yakawa kama chai ya rangi, mazuri kweli kuyatazama, na pH ikabaki 8.2. Nikaingiza dawa ya kushusha. Jioni 7.2, asubuhi 8.0. Hilo liliniudhi kuliko yote, maana samaki anaweza kuzoea pH isiyo yake kabisa ikiwa imetulia, ila pH inayopanda na kushuka kila siku humchosha mpaka anaugua.

Nikazishuku kokoto. Nikatoa kiganja, nikazikausha, nikazidondoshea siki na kuziinamia kwa tochi. Zingekuwa na chokaa zingetoa povu. Hakukutokea hata kipovu kimoja. Basi nikakinga maji ya bomba kwenye ndoo tupu: 7.4. Nikatumbukiza jiwe la hewa, pampu ikafanya kazi usiku kucha, asubuhi 8.2. Jibu likapatikana. Maji yanatoka bombani yakiwa na kaboni dioksidi inayoikandamiza pH, na gesi ikishatoka, pH inapanda mahali pake. Na bikaboneti, ambazo ndizo KH yenyewe, zinaimeza kila asidi ninayotia kabla haijafanya la kudumu. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia. Dawa za kushusha pH zinapigana na KH, na KH ya 13 haishindwi kwa vijiko viwili vya dawa.

Kuna njia ya kuchanganya na maji ya mvua au yaliyoondolewa madini. Nusu kwa nusu, ugumu unashuka nusu. Inafanya kazi, lakini kila wiki nitakuwa nabadilisha lita 15, na kila mara lazima uwiano uwe ule ule. Sitaki samaki ambao uhai wao unategemea ndoo ya pili kutokauka. Neoni wametoka.

Mbadala wa wazi ni plati (samaki wadogo wanaozaa vifaranga hai) na gapi, kwa kuwa wanapenda maji haya haya. Nilishaanza kupanga: madume ya gapi peke yao, kwani jike huzaa takriban kila wiki nne na huhifadhi mbegu za dume kwa miezi, na lita 60 zingejaa upesi. Orodha ilikuwa karibu kukamilika.

Halafu nikaanza kusoma habari za Ziwa Tanganyika, na plati wakasahaulika. Maji magumu, pH ya 8.5 mpaka 9! Yumo humo Neolamprologus multifasciatus, dume hafiki sana sentimita 5, anayeishi ndani ya magamba matupu ya konokono wa Neothauma. Wanakaa kwa ukoo, kila mmoja na gamba lake, na wanachimba mchanga kwa mdomo kulipanga gamba wanavyotaka. Hawahitaji eneo kubwa. Suala la nani aishi na nani linakwisha, kwa sababu tangi zima ni lao.

Kwa hiyo gogo na majani vinatoka, kokoto pia. Unaingia mchanga laini, kina cha sentimita 5, na magamba mengi kuliko idadi ya samaki ili wasigombee. Mimea ya kupandwa chini wataing'oa, hivyo nitafunga anubiasi, mmea usiohitaji kupandwa mchangani, kwenye mawe. Chujio la sponji halitaguswa kabisa wakati wa zoezi hili, kwani kokoto zikishatoka, bakteria waliobaki wengi wamo humo. Baada ya mchanga kutulia nitatia amonia tena na kupima: isiposhuka hadi sifuri ndani ya saa 24, samaki watasubiri.