Siku Moja Maishani Mwangu: Nesi wa Wazee, Karen

Saa 10:30 alfajiri. Naamka, naoga, nakunywa chai ya rangi. Kabla ya saa 12 niko Dagoretti Corner nikingoja matatu ya 111. Wakati huo Ngong Road bado haijafungana.

Mimi ni nesi wa cheti. Nilisomea KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, leseni yangu imetoka kwa Baraza la Wauguzi, na nafanya kazi chini ya msimamizi mwenye diploma katika makao ya wazee huku Karen, Nairobi. Wengi wao hawatarudi nyumbani. Walipigwa na kiharusi, wana kisukari, au wamesahau hata majina ya watoto wao.

Saa 1 asubuhi. Tunapokezana zamu. Nesi wa usiku anasoma kitabu cha ripoti kitanda kwa kitanda: nani amelala, nani amekataa dawa, nani ana siku ya tatu bila kwenda haja. Hilo la mwisho nalisikiliza kwa makini, maana choo kikifunga mzee hukosa hamu ya chakula, na wengine huchanganyikiwa kabisa.

Saa 1:30. Sukari na insulini. Sukari ya damu ya mzee wa kitanda cha mlangoni ni 3.4, imeshuka mno; ikiwa chini ya 4 insulini inangoja. Nampa chai yenye vijiko 3 vidogo vya sukari, namwita msimamizi, napima tena baada ya dakika 15. 5.1. Ale kwanza.

Saa 2. Kuogesha. Kuna wanaosema hii ni kazi ya keagiva, yaani mhudumu asiye nesi, na kwamba nesi hakusomea kushika beseni. Sikubaliani nao hata kidogo. Hakuna saa nyingine ya siku nitakayoona mwili mzima wa mgonjwa, kuanzia nyuma ya masikio hadi katikati ya vidole vya miguu.

Namwanzia shosho, bibi mzee ambaye upande wake wa kulia ulipooza. Kiswahili kimemtoka, amebaki na Kikuyu cha utotoni mwake. Mimi ni Mluhya, lakini nimejifunza maneno yanayohitajika kitandani: geuka, maji, inauma wapi? Vitabu vilitufundisha kutafuta wekundu ili kujua kidonda cha kulalia kinaanza. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri, kwa hivyo natumia mgongo wa mkono kusikiliza joto, kisha nabonyeza polepole kuona kama pamekuwa pagumu au pamelegea kuliko upande wa pili. Leo kisigino cha kulia kina joto na kimekazana. Ngozi haijapasuka. Naweka mto chini ya kigimbi ili kisigino kisiguse godoro, na kwenye chati ya kumgeuza kila baada ya saa 2 naandika kwa wino mwekundu. Kidonda hiki kikishafunguka kinaweza kuchimba hadi mfupani, na kukiponya ni kazi ya miezi.

Saa 4. Mwalimu. Tunamwita hivyo kwa sababu alifundisha maisha yake yote. Kila asubuhi husoma Taifa Leo kwa sauti na kuniuliza, "Sista, umeelewa?" Leo gazeti liko magotini, halijafunguliwa. Ananiuliza kama kengele imelia. Keagiva mgeni anasema, "Ni uzee tu huo."

Neno hilo limeficha magonjwa mengi sana. Uzee haumbadilishi mtu kati ya jana jioni na leo asubuhi. Mzee akichanganyikiwa ghafla, kuna kitu: maambukizi, maumivu, upungufu wa maji, choo, dawa mpya. Joto lake ni 36.8, lakini kwa umri wake maambukizi yanaweza kuja bila homa. Presha imeshuka kuliko kawaida yake. Anatumia mpira wa mkojo, na leo mfuko wake una mkojo kidogo mno, na anapeleka mkono chini ya tumbo kila mara. Namwambia msimamizi, naye anampigia daktari. Agizo linakuja: tubadilishe mpira wa mkojo kwanza, sampuli ya mkojo itoke kwenye mpira mpya kwa sababu wa zamani una vijidudu vyake, kisha antibiotiki ianze. Mashine yoyote ingepima 36.8 ikaridhika. Ni anayemjua Mwalimu anayegundua kwamba leo hajamuuliza, "Umeelewa?"

Saa 7 mchana. Mukimo laini na mchuzi wa ndengu. Shosho anakaa wima, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kidogo upande wa mdomo wenye nguvu. Nangoja ameze, naangalia shavuni kama kimebaki chakula. Ukimharakisha, chakula kinaingia mapafuni.

Saa 9 alasiri. Binti wa Mwalimu amekuja. Ananieleza pembeni kwamba ukoo unasema amemtupa baba yake. Namwambia ninachoamini: dada, baba hajatupwa, wewe huja kila wiki na unajua jina la kila dawa yake. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kutunzwa na familia *na* serikali. Lakini Inua Jamii, pesa ambazo serikali huwapa wazee, ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliofika miaka 70, na pesa hizo hazitoshi hata daipa. Mzigo wote umebaki kwa mabinti kama huyu. Inaniuma, kwa sababu wazee tunaowaona hapa ni wale ambao familia zao zinaweza kulipa.

Saa 12 jioni. Ripoti. Wenzangu kadhaa wameenda Uingereza tangu makubaliano ya 2021 kati ya Kenya na Uingereza kuhusu wahudumu wa afya, na siwalaumu. Ila nesi mpya hajui kawaida ya mgonjwa yeyote, kwa hivyo naandika kirefu: "Shosho: kisigino cha kulia kina joto, ngozi nzima, mto usitolewe. Mwalimu: dozi ya kwanza imetolewa saa 6, maji kidogo kidogo, mkojo upimwe kila baada ya saa 4. Akiuliza kengele, usibishane naye. Akiuliza kama umeelewa, niandikie saa."